Mkebe wa Fishi za Prefe

Fundo lake lilikuwa la wavuvi, ingawa yeye hakuwahi kuvua. Alichukua uzi wa nyavu, akauzungusha mara mbili kwenye mkebe, akapitisha ncha chini ya mzunguko wa pili na kuvuta mpaka uzi ukalia. Kulifungua kulitaka kucha na subira. Mtu akimwuliza kwa nini anafunga makaratasi kana kwamba yatatoroka, alijibu, "Nataka mukono ingojee kichwa." Nimeanza na fundo kwa sababu aibu yangu yote iko pale.

Tulimwita Prefe. Alikuwa ameongoza shule ya sekondari hapa Baraka kabla sijamjua, na kabla ya kuiongoza alifundisha biolojia. Shule ilipata prefe mwingine, naye akafuatwa na mwingine, lakini jina lilibaki kwake. Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Wengine waliyasema hayo siku ya kumzika, na waliyasema vizuri. Mimi nilimjua kwa miaka tisa katika ofisi ndogo ya afya, ambako yeye alitengeneza modeli za magonjwa na mimi nilipiga mashine. Masomo yangu yaliishia mwaka wa nne wa sekondari. Kabla ya kwenda kwake nilikuwa kwenye sekretaria karibu na soko, nikichapa barua za watu na kutoa fotokopi.

Modeli, kama alivyonieleza siku ya kwanza, ni kijiji cha hesabu kilichomo ndani ya kompyuta. Unaweka watu, unaweka ziwa, mvua na siku ya soko, kisha unaingiza kolera, yaani kipindupindu, kidogo na kuangalia itakwenda wapi, kabla kolera ya kweli haijaenda huko. Wengine hutengeneza kijiji chote kwa mkupuo mmoja, na kijiji kingine kikihitajika wanaanza upya. Prefe alikataa. Alitengeneza piesi, yaani vipande, moja moja. Kulikuwa na piesi ya mvua, piesi ya maji ya ziwa, piesi ya soko, piesi ya kupona, piesi ya njia. Kila moja ilikuwa faili ndogo peke yake. Akitaka modeli ya mahali papya alichukua piesi zilizopo, akaziunganisha, na akatengeneza tu ile iliyokosekana.

Hakuyatoa hayo kitabuni. Aliyatoa kwa fundi wa pikipiki anayefanya kazi nyuma ya soko. Siku moja Prefe alikuwa amekaa kwenye tairi akingoja pikipiki yake, akaona mikebe ya fundi imejaa vyuma vilivyotolewa kwenye pikipiki zilizokufa, na kila chuma kimefungwa kikaratasi.

"Mbona unaandika?" akamwuliza.

"Prefe, angalia hii karibireta. Ilitoka ku moto yenye ilizama mu Mutambala. Nikiiweka ku moto ya muntu bila kumwambia, itamuzimikia ku mulima, ataanguka, na mi njo nitakuwa nimemuua."

Moto kwetu ni pikipiki, na Mutambala ni mto. Prefe alirudi ofisini kwa miguu. Pikipiki aliisahau kwa fundi mpaka kesho yake. Mchana huo alianza kukata makartoni ya dawa kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, na akaviita fishi.

Kila piesi ilipata fishi yake. Juu aliandika jina. Chini yake aliandika piesi inakula nini na inatoa nini: kwa mfano, piesi ya maji inakula mvua na wagonjwa, inatoa hatari ya kila ndoo. Halafu namba, na kizio cha namba: ni siku, ni masaa, ni ndoo au ni watu. Halafu nani alipima, wapi, katika majira gani. Halafu mahali ambapo piesi hiyo isitumike. Mwisho kulikuwa na mistari mitupu yenye kichwa *Aliyeitumia*. Yeyote aliyechukua piesi kwa modeli nyingine aliandika hapo jina lake, mahali anapoipeleka, na sababu. Hata yeye mwenyewe alijiandika kila alipochukua piesi aliyoitengeneza kwa mikono yake. Niliona ni mchezo wa mzee. Nilimwambia hivyo, kwa heshima.

"Siku piesi itavunjika," akasema, "mutatafuta nani? Mutanitafuta mi? Mi nitakuwa nimekufa."

Alikuwa na vita vya zamani na namba zisizo na kizio. Darasani, mwanafunzi akijibu "Tano, Prefe," yeye aliuliza, "Tano nini? Tano mbuzi? Tano siku?" Asiyejua alichapwa. Sitaficha hilo kwa sababu amekufa: alikuwa akichapa, na alichapa kwa nguvu. Wanafunzi wake walikua, wengi wakawa wamotari, waendesha pikipiki za abiria, na walipomwona akipita walimsalimia kutoka kwenye kituo chao, "Prefe, tano nini?" Naye aliinua fimbo yake ya kutembelea juu kama anawatisha, na wote walicheka. Ilikuwa salamu yake. Sijamsikia mtu mwingine akisalimiwa hivyo.

Asubuhi moja motari mmoja aliongeza, "Prefe, ile siku ulinichapa kumi. Kumi nini?" Wenzake walicheka. Prefe hakucheka. Alifika ofisini akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Kesho yake alirudi kituoni kwa wamotari, akasimama mbele yao wote, akamwomba yule kijana msamaha.

"Eh, Prefe, ilikuwa mucheko tu," kijana akasema, akitazama usukani wake.

"Mi sicheke. Nilikuchapa juu ya hesabu. Hesabu haichapake muntu."

Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimepanda pikipiki ya motari mwenzake. Nililiona jambo hilo likifanyika, nikaona linavyofanyika, na kwamba halikuchukua hata dakika mbili. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua namna ya kukiri kosa.

Usidhani nyumbani kwake kila kitu kilikuwa na fishi. Miwani yake ilipotea kila siku na ilipatikana kila siku, mara nyingi usoni mwake. Funguo aliziacha mlangoni. Jirani yake, mama mkulima aliyekuja hapa mkimbizi kutoka Burundi, alimwazima jembe msimu mmoja na hakuliona tena kwake. Kila mvua za kwanza zilipoanza alisimama uani kwa Prefe na kusema kwa sauti ya adabu, "Prefe, nimekuja kuazima jembe langu." Prefe alimpa, akamwambia alirudishe likimaliza kazi. Na mama yule, sijui kwa nini, alilirudisha.

Lakini kwenye kazi alikuwa mtu mwingine. Piesi ya maji ilikuwa na namba moja iliyotoka mbali, katika modeli ya wataalamu wa ng'ambo: vijidudu vya kolera vinaishi siku ngapi ndani ya maji. Namba ilikuja na kizio, lakini haikusema nani alipima. Prefe aliandika barua kwa Kifaransa, nami nikaichapa na kuituma. Jibu lilikuja baada ya miezi: sisi tuliichukua kwa fulani. Akamwandikia fulani. Fulani naye aliichukua kwa mwingine. Aliifuata namba ile kutoka mtu hadi mtu, kama mtu anayefuata mbuzi aliyepotea, karibu mwaka mzima. Mwisho wake tuligundua ilipimwa katika maji ya bahari, maji ya chumvi. Prefe alicheka mpaka akashika meza.

"Sasa ziwa yetu iko na chumvi? Batu batatu bakubwa, na hakuna mwenye aliuliza."

Kwenye fishi alifuta namba na kuandika *haijulikani*. Mkubwa wa ofisi hakufurahi, kwa sababu modeli haiendi bila namba. Prefe alimwambia tutajaribu na namba ndogo, kisha namba kubwa, na tutamwonyesha zote mbili. Alilipenda neno lile, *haijulikani*. Nadhani aliliandika kwa mwandiko mzuri kuliko maneno mengine.

Piesi ya njia tuliitengeneza pamoja, yeye na mimi. Ilisema mgonjwa anachukua muda gani kutoka kuanza kuharisha mpaka kufika kwenye matibabu. Kolera haingoji, mtu anakauka kama samaki wadogo wa ndagala juani, na masaa ndiyo kila kitu. Tulikaa kwenye lango la kituo cha kolera hapa Baraka wiki kadhaa, tukiwauliza wanaoleta wagonjwa: ilianza wakati gani? Wengi walikuja kwa pikipiki, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshika. Namba iliyotoka ilikuwa masaa matatu. Prefe aliandika fishi usiku huo nyumbani kwake, na mimi nikaichapa faili. Nilijua namba ile kama ninavyojua umri wa wanangu.

Sasa niseme nilichofanya.

Prefe alikuwa amekwenda Uvira kwa ajili ya macho yake. Siku hiyo mkubwa wa ofisi alitaka modeli ya kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Fizi, upande wa njia ya Minembwe. Swali lilikuwa jepesi: kolera ikipanda huko, je, tuweke kituo kidogo cha maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, na serumu ya kutundika, palepale kijijini, au kituo cha chini, kilichoko barabarani, kinatosha? Vitu vilikuwa vichache na vijiji vilikuwa vingi. Alitaka jibu kabla ya jioni. Nilimpigia Prefe simu.

"Piesi zote ziko," akasema. "Fungua mukebe. Soma fishi moja moja, mbele na nyuma. Andika jina yako. Usikimbie, mutoto yangu."

"Ndiyo, Prefe."

Ningependa kuandika hapa kwamba mtoto wangu alikuwa mgonjwa, au kwamba umeme wa sola ulikuwa unaisha. Hapana. Kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya bamama, na nilikuwa nimeshona kitenge kipya. Nilijaribu fundo kwa ukucha mara moja. Halikulegea. Nikauweka mkebe pembeni, nikafungua faili kwenye kompyuta, nikaunganisha piesi ya soko, ya maji, ya kupona, na ya njia. Njia: tatu. Kompyuta haikuuliza tatu ya wapi. Jibu lilitoka kwamba wagonjwa watafika chini wakiwa bado na nguvu, na kituo cha mlimani hakihitajiki. Nilichapa karatasi, nikaiweka juu ya meza ya mkubwa, nikaenda kuimba.

Nyuma ya fishi ya njia, kwa mwandiko wa Prefe, kulikuwa na maneno haya: *Isitumike pale ambapo mgonjwa hubebwa kwa kipoyi.* Kipoyi ni machela ya miti, wanaume wanne wanaibeba mabegani. Kule mlimani pikipiki haifiki. Mgonjwa anashuka kwa kipoyi au hashuki.

Kolera ilipanda katika majira ya mvua, pamoja na watu waliotoka sokoni. Watu walikufa njiani, juu ya mabega ya ndugu zao. Muuguzi mkuu wa huko, tunayemwita Titulere kwa cheo chake, alishuka kuja kwenye mkutano wetu na daftari lake. Aliyasoma majina yote. Hakupaza sauti. Alipomaliza alifunga daftari.

"Mi niko nauliza tu," akasema. "Nani alisema masaa tatu? Kwetu, kukata tu miti ya kipoyi na kutafuta bale wanaume bane, masaa tatu imepita."

Prefe alikuwa amerudi. Aliuvuta mkebe, akafungua fundo polepole mbele ya watu wote, akatoa fishi ya njia. Akasoma mbele. Akageuza akasoma nyuma. Kisha akaangalia mistari ya *Aliyeitumia*. Niliona macho yake yakifika pale na kukaa, kwa sababu hapakuwa na jina. Ofisini mle watu waliojua kuunganisha piesi walikuwa wawili, na mmoja alikuwa Uvira. Nilikaa karibu na mashine ya kuchapa, mikono yangu juu ya magoti. Nilijiambia: akinitazama nitasema. Hakunitazama. Nadhani alinipa nafasi kwa namna hiyo, na mimi niliitumia kunyamaza.

Akasimama. "Modeli inatoka kwangu. Kosa ni yangu."

Titulere alimtazama muda mrefu. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Wote pale walijua.

"Ulinichapa juu ya ile neno," akasema. "Sasa mi njo nakuuliza. Tatu nini, Prefe?"

Prefe alijibu kama mwanafunzi, amesimama, fishi mkononi. "Masaa. Kwa moto. Mu Baraka."



Tangu mkutano ule, mkubwa wa ofisi aliacha kumwita Prefe kwenye vikao. Modeli ziliombwa kwa watu wa mji mwingine, zikaja zikiwa nzima, bila fishi. Na habari ilitembea mjini. Hakuna aliyemtukana. Ila wamotari waliacha ile salamu. Alipopita walisema "Jambo, Prefe," kama wanavyomwambia mtu yeyote, naye alijibu "Jambo," na fimbo yake ilibaki chini. Nilisikia hivyo kila asubuhi kwa miaka miwili, kwa sababu tulikuwa tukipita njia moja.

Hakuniuliza kitu. Hakupunguza hata neno moja la upole. Kitu kimoja tu kilibadilika: mkebe hakuufunga tena. Uzi aliuzungusha juu mara moja na kuuacha hivyo, ukining'inia, ili mkono wangu usipate kazi. Kila asubuhi nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uzi ule. Mara nyingi nilijiandaa kusema. Nilijiandaa njiani, nilijiandaa kanisani, na maneno yangu yalikuwa mazuri sana. Yalikauka kila nilipofika mlangoni. Nilikuwa nahofia kazi yangu, ndiyo. Lakini zaidi niliogopa yale majina ndani ya daftari. Nilidhani nikisema ni mimi, yatahama kutoka kwake na kuja kwangu. Nilimwachia mzee mwenye macho mabovu ayabebe.

Alipougua nilikwenda kumtazama mara tatu. Ya mwisho ilikuwa mchana, watu walikuwa wameanika ndagala uani na jirani yule wa jembe alikuwa akifukuza kuku. Prefe alikuwa kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba. Aliniomba nimletee mkebe kutoka ndani. Akatafuta kwa vidole mpaka akapata fishi ya njia, akanipa.

Alikuwa ameongeza maneno upande wa mbele, kwa penseli, akipita juu ya maandishi ya zamani, herufi kubwa zisizonyooka: *Ilitumika mlimani. Watu walikufa njiani. Kosa la mwandishi wa fishi: onyo aliliweka nyuma.*

"Prefe, hiyo si kweli," nikasema.

"Ni kweli. Niliandika nyuma kwa sababu mbele kulijaa. Kintu yenye inaweza kuua muntu unaiweka mbele. Siku ile mu mukutano ya watu sikudanganya. Nilisema kosa ni yangu, na sehemu yangu iko pale." Akapumua. "Sehemu ingine haina jina."

Akachukua peni kwenye mfuko wa shati lake, akaninyooshea.

"Andika."

Mstari wa *Aliyeitumia* ulikuwa mtupu. Nilichukua peni. Nilifikiri wanawe watakavyoisoma fishi ile baada ya siku chache, na jirani, na wote. Nikaigusisha peni kwenye karatasi bila kuikandamiza.

"Haiandike, Prefe," nikasema. "Wino imeisha."

Aligeuza uso kunielekea. Sidhani alikuwa akiniona vizuri. "Imeisha," akasema, si kama anauliza. Kisha, "Basi. Chukua mukebe, kaa nayo. Kuna siku utapata peni."

Nilikwenda nyumbani na mkebe, na peni ikiwa ndani ya mkoba wangu. Kabla ya chakula cha jioni binti yangu aliitoa na kuandika nayo zoezi lake lote la jografia, kurasa mbili.

Prefe alikufa wiki ile ile. Kwenye mazishi mchungaji alisema alikuwa mtu wa kweli, na kwamba hata mwenye akili hukosea, naye alikosea mara moja, kwa habari ya watu wa mlimani, na Mungu anajua kusamehe. Watu waliitika. Mimi nilikuwa safu ya pili ya kwaya, katika kitenge kile. Niliimba. Titulere hakuja, na watu walisema wanamwelewa.

Nilingoja mpaka iliposemwa mapigano yametulia kwenye njia ya mlimani. Kisha nikapanda pikipiki mpaka kituo cha barabarani, nikaiacha hapo, nikaanza kupanda kwa miguu na mkebe mgongoni ndani ya kitambaa, kama mtoto. Kabla ya kuondoka niliandika jina langu kwenye mstari. Niliandika pia mahali: mlimani. Kwenye sababu niliandika: *sikufungua fundo.* Na kwa kuwa nilikuwa na saa mkononi, nilitazama saa nikianza na nikatazama tena nikifika.

Titulere alikuwa akisafisha meza ya kituo chake. Alinikumbuka, mwandishi wa ofisi ya chini. Alinipa kiti na maji. Nilimpa fishi bila kusema kitu, kwa sababu maneno yale mazuri yote yalikuwa yamebaki Baraka. Alisoma mbele, akageuza nyuma, akarudi mbele. Alisoma jina. Akaniangalia, akasoma tena.

"Ni we?"

"Ni mimi."

"Na ye alijua?"

"Tangu siku ile. Wakati uliposoma majina."

Aliiweka fishi mezani na kuinyoosha kwa kiganja, ingawa haikuwa imekunjika.

"Myaka mibili nilimuchukia yule muzee," akasema. "Ku matanga yake sikukuya. Nilikuwa na siku, nilikuwa na nafasi. Nilikataa tu."

Alitoka nje akasimama na mgongo wake kwangu. Nilidhani ataniambia niondoke. Aliporudi alivuta kiti kingine, akakaa.

"Umepanda masaa ngapi?"

"Saba."

"Bila mugonjwa."

"Bila mgonjwa."

"Ile haitatusaidia. Kupanda si kushuka, na muntu muzima si mugonjwa." Alifikiri. "Asubuhi tutashuka na kipoyi. We utalala ndani. Uzito ya muntu njo tunataka. Na saa utashika we mwenyewe."

Nilimwambia naweza kutembea. Nilimwambia wabebe mawe, au gunia la mihogo.

"Jiwe haitapikake," akasema. "Mugonjwa unasimama kila mara kwa sababu yake. Utalala ndani."

Asubuhi wanaume wanne walikuja na miti na kamba. Titulere aliwaeleza kwa Kibembe mimi ni nani na nimefanya nini. Nilijua kwa sababu waliacha kufunga kamba na kunitazama. Mkubwa wao, ambaye daftari lile lilikuwa na jina la mke wake, alivuta fundo la mwisho, akalijaribu kwa uzito wake, akanionyesha kwa kidevu nilale.

Nililala. Waliniinua mabegani. Kwa nusu ya kwanza ya njia nilisikia pumzi zao tu na mawe yakiteleza chini ya miguu. Kila baada ya mwendo kidogo Titulere alisema "Simameni," wakasimama kama wanavyosimama kwa mgonjwa, nami nikaandika. Karibu na mto yule mkubwa wao aliuliza, bila kugeuka, "Mama, ni ngapi sasa?"

"Tano," nikasema.

"Tano nini?" akauliza.

Nilivuta kitenge nikafunika uso. Walisimama wote, wakingoja, kipoyi mabegani.

"Masaa," nikasema. "Kwa kipoyi. Toka kwenu."

"Eeh," akasema, na wakaendelea kushuka.